Hala inanipasukia ubavuni kila Ijumaa. Kosa ni langu au la oveni?

KambaZaViatu:

Wakuu, habari za leo. Naomba mnisaidie mapema, maana Ijumaa kwetu haimsubiri mtu.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41 na kazi yangu ni kumhudumia bibi mmoja Myahudi, ana miaka 84. Mwaka wa kwanza kazi ilikuwa dawa, kumsaidia kuoga, kutembea naye kidogo, kumsomea gazeti. Mkate wa Sabato alikuwa anaoka mwenyewe. Baadaye baridi yabisi ikamkunja vidole. Siku moja akaniita jikoni, akanionyesha bakuli kwa fimbo yake, akakaa kwenye kiti akanitazama. Mafunzo yalikuwa hayo tu. Tangu siku hiyo hala naoka mimi. (Wenyewe huandika challah, na Bibi anaitamka kwa ile kh ya "kheri". Kh yangu ikitoka inakuwa kama nakohoa, kwa hiyo nasema hala, ameshazoea.)

Sikuwahi kusuka kitu maishani. Nilijifunzia kwenye kamba tatu za viatu, nimezifunga kwenye mguu wa kitanda, usiku, mlango nimefunga. Sasa suko la kamba tatu nalisuka huku nasikiliza mpira redioni.

Vipimo ninavyotumia ni hivi. Unga mweupe wa ngano gramu 500, maji ya uvuguvugu mililita 150, mayai mawili na kiini kimoja, mafuta ya kula gramu 60, sukari gramu 70, chumvi gramu 9, hamira kavu gramu 7. Nakanda kwa mkono dakika 10, nafunika, naacha saa moja na nusu. Donge nalikata mara mbili kwa sababu Bibi lazima awe na mikate miwili mezani. Nasuka na kuukaza vizuri usilegee, naacha dakika 25, napaka yai, naingiza kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 30.

Ukiingia mkate ni mzuri, mnaweza kuupiga picha. Ukitoka umepasuka ubavuni toka ncha hii hadi ile, na ndani ya mpasuko kumebaki kweupe. Yaani kama mtu mnene aliyevaa shati la mdogo wake. Juu nako rangi imeshakuwa ya kahawa.

Bibi hasemi kitu. Anachofanya ni kuuzungusha mkate kwenye ubao, ule upande uliopasuka ukamwelekea yeye, wageni wasiuone. Wiki ya tatu sasa. Afadhali angenifokea.

Halafu kuna mambo mengine simwelewi, na kumuuliza naona aibu. Kwanza, oveni hataki niwashe mimi. Atainuka na fimbo yake, hatua kumi za maumivu, azungushe kile kitufe, arudi kukaa. Nilidhani haniamini na moto. Pili, siku moja alikuwa na wageni wengi nikakanda unga wa kilo moja na nusu. Akakata kipande kidogo cha donge, akasema maneno mafupi sana, akakifunga kwenye foili akaniambia nikiunguze kabisa. Nikajua ndiyo utaratibu. Wiki iliyofuata, nusu kilo, nikamkatia kipande mwenyewe nikamletea, akacheka, akakirudisha kwenye bakuli. Sasa kipi ni kipi?

Na kuna ile siku ya maziwa. Nilisoma mahali kwamba maziwa na siagi hulainisha mkate, nikamfanyia mshangao. Ulitoka laini kuliko yote niliyowahi kuoka. Alinusa, akauliza nimetia nini, nikamwambia kwa fahari kabisa. Hakuugusa, na mezani haukufika. Niliula mimi chumbani siku nne, peke yangu.

MotoMkali:

Mkuu, hamira yako ni nyingi ndiyo maana inalipuka. Punguza iwe nusu, oveni pandisha 220 ngozi ikaze haraka izuie kupasuka, na weka bakuli la maji ya moto chini upate mvuke. Mimi mikate yangu ya ngozi ngumu haijawahi kupasuka.

BintiTanuri:

MotoMkali, kwa mkate wa maji, chumvi na unga mtupu, mvuke una kazi yake na moto mkali pia. Hala ina mayai, mafuta na sukari. Ukiipeleka nyuzi 220 juu itakuwa nyeusi na katikati bado ni uji. Na mkate wenye yai la kupakwa hauhitaji mvuke, lile yai ndilo koti lake.

KambaZaViatu, kaka yangu, nimekaa kwenye jiko la mikate miaka tisa na nimesoma vipimo vyako mara mbili. Havina tatizo, hata hamira iache hivyo hivyo. Tatizo lako ni hizo dakika 25.

Angalia sukari uliyotia: gramu 70 kwa unga wa 500 ni asilimia 14. Sukari nyingi inavuta maji, na hamira ikinyimwa maji inafanya kazi kivivu. Ongeza mafuta na mayai, donge linakuwa zito. Kwa hiyo hala haiumuki kwa mwendo wa mkate wa kawaida. Baada ya kusuka inataka saa nzima, chumba kikiwa na baridi hata saa moja na nusu. Wewe unaiingiza ikiwa bado ina nguvu zote ndani. Moto ukiipata, juu kunakauka kwanza kwa sababu ya yai na nyuzi zako 200, lakini ndani bado hewa inatanuka. Itatokea wapi? Panapoweza kuachia, yaani ubavuni chini, pale masuko yanapokutana na trei na yai halikufika. Hilo ndilo shati la mdogo wake.

Saa isikutawale sana, tumia kidole. Kipake unga, bonyeza ubavu wa mkate taratibu kiasi cha nusu ukucha. Shimo likirudi papo hapo, bado. Likirudi polepole na kuacha alama kidogo, washa oveni (au mwambie Bibi awashe). Lisiporudi kabisa umechelewa, huo utabweteka kwenye trei na masuko yote yatafutika.

Kosa la pili umeliandika mwenyewe: "kuukaza vizuri". Usikaze! Kusuka mkate si kusuka nywele za kukaa mwezi mzima. Kila kamba itakuwa nene karibu mara mbili, iachie nafasi ya kunenepa. Anza katikati ya kamba, suka kuja kwako, kisha geuza trei usuke nusu ya pili. Ukianzia ncha, mkono unakaza mwanzoni na kulegea mwishoni, mkate unatoka na kichwa kidogo na mkia mnene. Ncha zibane na uzikunjie chini.

Na upime kamba kwa mizani. Donge lako lote linafika kama gramu 910. Ukigawa kwa kamba sita za mikate miwili, kila kamba ni gramu 150 hivi. Wengi hukadiria kwa macho, halafu wanashangaa mkate umeinama upande mmoja. Kila kipande kipige bapa kwanza hewa itoke, kizungushe kama mkeka, bana mshono, ndipo ukiviringishe kutoka katikati kwenda nje, ncha ziwe nyembamba. Kamba ikirudi nyuma kama mpira usishindane nayo. Funika, ivute pumzi dakika 10, itakubali yenyewe. Meza usiipake mafuta maana kamba zitateleza. Nyunyizia kamba unga kidogo sana kabla ya kuzisuka, zisigandamane, na masuko yatabaki yanaonekana.

Yai paka mara mbili: ukishasuka, na tena dakika chache kabla ya kuingiza. Brashi ifike kwenye mabonde na chini ubavuni, lakini yai lisituame. Oveni nyuzi 175 hadi 180, dakika 30 hadi 35, na rangi ikiwahi funika kwa foili bila kubana. Kama una kipimajoto cha kuchoma, katikati ikifika nyuzi 88 umeiva. Kama huna, geuza ugonge chini kwa kidole, usikie mlio wa kitu kitupu.

Hayo mengine ya foili na maziwa siyajui, nimwachie mwenye nayo.

MikateMiwili:

Nayo ninayo mimi. Nimeolewa katika familia ya Kiyahudi mwaka wa 14 huu, na mama mkwe wangu alinifundisha kama Bibi yako anavyokufundisha wewe: kwa kunyamaza. Acha nikufungulie moja moja.

Oveni. Hajakosa imani nawe hata chembe. Katika sheria zao mkate uliookwa na asiye Myahudi peke yake una masharti. Myahudi akishiriki kwenye moto, hata kwa kuwasha tu, mambo yamekaa sawa na mkate unaliwa bila maswali. Zile hatua kumi ndizo zinazomwezesha kula mkate wako. Usimzuie, usimwahi kwa huruma. Msogezee kiti karibu na oveni, basi.

Kile kipande. Hapo ndipo jina lenyewe lilipotoka! Hala kwa asili si mkate wa kusuka, ni hicho kipande. Soma Hesabu 15: mtu akikanda, atenge sehemu ya donge. Zamani ilikuwa ya makuhani, siku hizi hutengwa kipande cha ukubwa wa zeituni hivi na kuunguzwa, kisiliwe na mtu. Lakini wajibu una kiwango chake. Wengi huhesabu kuanzia kama kilo 1.2 za unga. Chini ya hapo hakuna kutenga, ndiyo maana alicheka na nusu kilo yako. Kutoka hapo hadi karibu kilo 1.67 wanatenga bila kusoma baraka, wanatamka tu kwamba kipande hiki ni hala. Kilo moja na nusu yako iko hapo katikati, na hayo ndiyo maneno mafupi uliyoyasikia. Kuanzia kilo 1.67 hivi baraka yenyewe inasomwa. Vipimo vinatofautiana kidogo kati ya marabi, kwa hiyo mfuate Bibi, usimfuate mama mkwe wangu.

Maziwa. Pole kaka, nimecheka hadi nikaweka simu chini. Chakula cha Ijumaa jioni mara nyingi kina nyama au kuku, na kwao nyama na maziwa havikai pamoja. Mkate wenye siagi ungemlazimu kuchagua kati ya mkate na sahani. Tena marabi wa zamani walikataza kabisa kukanda mkate wa kawaida kwa maziwa, kwa kuhofia mtu atausahau na kuula na nyama. Ndiyo maana hala inatiwa mafuta ya mimea. Hujaniuliza, lakini ile trei uliyookea mkate wa siagi mwambie Bibi. Atajua la kufanya nayo, na atapenda kwamba umesema.

Na mayai, nadhani umemwona anayapasulia kwenye glasi moja moja kwanza? Anatafuta doa la damu. Likiwepo, yai halitumiki.

Mikate miwili ni kwa ajili ya mana, kile chakula kilichowashukia Waisraeli toka mbinguni. Kutoka 16: jangwani siku ya sita waliokota sehemu mbili, kwa sababu siku ya saba haikushuka. Ufuta au mbegu za mpopi tunazonyunyizia juu wengine husema ni mana hiyo hiyo. Kitambaa cha kufunika nacho wanakihusisha na umande uliokuwa juu ya mana, ila mimi napenda maelezo ya pili: divai inabarikiwa kabla ya mkate, kwa hiyo mkate unafunikwa usione haya kwa kupitwa. Sasa fikiria, watu wanaoufunika mkate usione haya, ndio hao hao wa kuuzungusha mpasuko usikuaibishe wewe.

Mwisho, usichukulie kila hala ni moja. Ukoo wa mume wangu asili yao Ujerumani, wao wana Berches, haina yai ndani, ina viazi vilivyopondwa na mbegu za mpopi juu. Wayahudi wengi wa Kisefaradi (wale wenye asili ya Hispania na Ureno) hawataki sukari nyingi, wanasema tamu ikizidi imekuwa keki na baraka yake ni nyingine. Na ukifika mwaka mpya wao, Rosh Hashanah, usimsukie Bibi mkate mrefu. Siku hiyo ni wa duara, wengine wanatia zabibu kavu, na vipande vinachovywa kwenye asali.

KambaZaViatu:

Dada MikateMiwili, nimesoma hapa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Mwaka mzima nilikuwa naumia kimoyomoyo kuhusu kile kitufe cha oveni.

Trei nimemwambia. Aliitazama, akasema "najua", akanionyesha kabati. Kumbe aliitenga siku ile ile na kununua nyingine, na mimi nilikuwa naokea hiyo mpya bila kugundua. Zinafanana.

BintiTanuri, swali moja. Ukiniambia saa moja na nusu ya pili, muda unaniishia. Bibi anawasha mishumaa dakika 18 kabla ya jua kuzama, na kabla ya hapo kila kitu kiwe kimeiva na jiko limetulia. Siku hizi jua linawahi. Mchana nina kumwogesha, supu, na kumpigisha simu kwa wanawe. Nikande saa ngapi?

BintiTanuri:

Kanda Alhamisi usiku. Liache donge nje nusu saa lianze kuamka, kisha friji, kwenye bakuli kubwa lenye mfuniko maana litapanda tu. Asubuhi litoe, kata, pima, suka likiwa bado baridi. Utaniombea dua, donge la baridi halinati na kamba zinakaa mstari. Ila mkate uliosukwa wa baridi unachukua muda mrefu zaidi kuumuka, hata saa mbili, kwa hiyo suka mapema ndipo uende kwenye supu. Kidole kitakuambia. Hesabu ukirudi nyuma toka kwenye mishumaa: saa moja ya kupoa, dakika 35 za oveni, saa mbili za kuumuka, nusu saa ya kusuka.

MotoMkali:

Nimejaribu nyuzi 180 na mayai mawili, nami nimekubali yaishe. Ila yangu nimetia chumvi mara mbili kwa bahati mbaya, hiyo msiniulize.

KambaZaViatu:

Naandika leo Jumapili, jana simu haikai mezani.

Alhamisi usiku nilikanda. Ijumaa asubuhi donge lilikuwa limesukuma mfuniko wa bakuli. Kamba sita, gramu 151, 151, 152, 150, 151, na moja 158 ambayo sijui ilitokea wapi, nikaikata kipande nikakila kibichi (msiige). Nilisuka toka katikati, na mkono wangu wa kulia ulikuwa unataka kukaza kila baada ya suko moja. Mkate wa kwanza ulitulia. Wa pili niliukaza kidogo mwishoni, nikajiona kabisa nikifanya hivyo.

Nilibonyeza kidole baada ya saa moja, shimo likarudi papo hapo. Saa moja na robo, likarudi papo hapo. Niliona jua linasogea kwenye pazia, roho ikanidunda, lakini sikuugusa. Saa moja na dakika 50 ndipo likaanza kurudi kivivu. Kiti nilikuwa nimeshakiweka karibu na oveni. Bibi alikiangalia kile kiti, akaniangalia mimi, akakaa, akawasha.

Wa kwanza haukupasuka popote. Nimeuzungusha mara tatu kutafuta. Wa pili umepasuka urefu wa kidole gumba, pale pale nilipokaza.

Mezani alivua kitambaa, akashika mikate yote miwili pamoja, akasoma baraka, akakata ule mzima, akachovya chumvi, akagawa. Ule wa pili ulikuwa umeangaliana na wageni, mpasuko wake wazi, na hakuuzungusha. Mwanawe mkubwa akauliza nani kasuka. Akaninyooshea fimbo.

Jana usiku, Sabato imeshatoka, kaniita. Kaniambia wiki ijayo anataka kamba sita kwa kila mkate. Mikate miwili, kamba sita sita, kumi na mbili. Nimemuuliza za nini, kasema za ile mikate kumi na miwili ya hekaluni, akafumba macho kulala. Kamba za viatu ninazo nne tu. Nani anajua suko la sita?

MikateMiwili:

Walawi 24, utaikuta hiyo mikate. Azima viatu vya mtu, ufike sita.

Bana ncha zote juu pamoja, kamba zilale sambamba mbele yako. Kila mara anza na ya mwisho kulia. Ipitishe juu ya mbili, chini ya moja, juu ya mbili, iishie kushoto kabisa. Kisha chukua iliyo ya mwisho kulia sasa, hivyo hivyo. Kulia tu, usibadili upande. Suko likianza kuhama kushoto, lirudishe katikati kwa viganja.

Gramu 75 kila kamba kwa donge lako lile lile. Na zima redio, hili la sita halitaki mpira.